Miisho Miwili ya Kengele

Mama alikuwa amekwisha kurudi. Alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kikombe cha chai mkononi, na sisi tulikuwa tumemzunguka, tukimtazama anavyomeza. Ndipo Neema, mwenzangu wa darasa, alipotokea mlangoni na kusema kwa sauti ndogo kwamba moshi ulikuwa bado unapanda. Tulitoka nje wote, hata mama, na miguu yake ikidondosha maji. Moshi ulikuwa pale pale tulipouona asubuhi ya jana, juu ya mgongo wa kilima, upande ule ule, mweupe na mwembamba. Baba alisimama mbele yetu na kuutazama kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekwenda jana kumtoa mama kwenye ule moshi, na moto alikuwa ameuzima kwa mguu wake mwenyewe.

Miaka mingi imepita tangu siku ile, na mwezi uliopita tulimzika baba huko Shasha, kando ya ziwa, mahali tulipoishia baada ya kuhama mara nyingi. Kwenye matanga alikuja Neema kutoka Goma, ambako anafundisha hesabu katika shule ya sekondari. Hatukuwa tumeonana kwa miaka, kwa sababu njia ya Sake hufunguka na kufungwa kama jicho la mgonjwa. Alimsalimu mama, akakaa naye kwenye mkeka, akavuta sinia la maharage, akaanza kumenya pamoja naye kana kwamba alikuwa ametoka tu jikoni kuchota maji. Baadaye, watu walipopungua, aliniuliza kama bado naikumbuka ile pembetatu yetu. Nilimwambia naikumbuka. Hakuna siku inayopita bila mimi kuikumbuka. Kwa hiyo nauandika hapa mwaka ule, kwa utaratibu, kabla sisi watatu, mimi, Neema na mama, hatujaanza kuusahau kila mmoja kwa namna yake.

Mwaka ule mimi na Neema tulikuwa darasa la tano la sekondari, Kalembe, tawi la sayansi. Darasa letu lilikuwa la mbao zilizopigwa misumari kwa haraka, na kati ya ubao na ubao mtu aliweza kupitisha vidole. Mvua iliponyesha juu ya mabati hatukusikia chochote, na Prof Anselme, mwalimu wetu wa hesabu, aliacha kusema, akaandika tu. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Pinga, mwenye koti moja la kahawia ambalo mifuko yake ilijaa chaki. Neema alilala kwetu, katika chumba changu, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa juu karibu na Msalabani na njia ya kuteremka kila asubuhi haikuwa tena ya wasichana. Mama yake na mama yangu walilima mashamba yanayopakana, huko chini ya Msalabani, maharage na mihogo. Kila juma Mama Neema alituma kapu la maharage, na mama yangu alilalamika kwamba anatulisha kama watu wa mjini.

Chakula cha jioni kilikuwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, au bugali na maharage, na kililiwa mapema, jua likiwa bado linaonekana, ili moto wa jikoni uzimwe kabla ya giza. Hiyo ilikuwa sheria ya mwaka ule. Sheria nyingine ilikuwa kulala na nguo, viatu kando ya kichwa, na kila mtu kujua kifurushi chake. Baba na mama walizungumza baada ya kula, wakidhani tumelala, na mimi na Neema tulisikiliza kupitia ukuta wa matete. Walitaja vijiji. Hawakusema kilichotokea huko, walitaja majina tu: leo kile, jana kile, na kila jina lilikuwa karibu kidogo kuliko lililotangulia. Siku moja nilimsikia mama akisema, “Sasa kunabakia sisi na mto.” Nilisikia baba akivuta kigoda chake karibu na cha mama, na hilo lilinitisha kuliko jibu lolote.

Juu ya kilima cha Msalabani kulikuwa na kanisa dogo la udongo, na nje yake, kwenye mti wa mkaratusi, ilitundikwa rimu ya lori kubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele. Katekista aliipiga kwa nondo siku ya Jumapili, na mlio wake ulishuka mabondeni, ukapanda upande wa pili, ukafa polepole. Aliyeisikia kutoka nyumbani kwake alihesabiwa kuwa mkristo wa kanisa lile, na asiyeisikia alikuwa wa kanisa jingine. Mwaka ule kengele ilipewa kazi nyingine. Ikipigwa haraka haraka, waliokuwa mashambani waache majembe na kukimbia. Lakini wasikimbie bila mwisho, maana watu walikuwa wamepotea hivyo, wakakimbia mpaka mikononi mwa walewale waliokuwa wakiwakimbia. Wakimbie mpaka mahali ambapo kengele inasikika kwa shida, hapo wajifiche, na wangoje. Katekista akiona kumetulia, angepiga mapigo matatu ya polepole. Asubuhi, upepo ukiwa haujaanza, waliojificha walichoma majani mabichi ya maharage kidogo tu, moshi mweupe, ili walioko nyumbani wajue kwamba wako hai. Sisi wa Kalembe tulipaita mahali pale “mwisho wa kengele.” Kila mtu alipajua. Palikuwa na jiwe kubwa kando ya barabara ya zamani ya shamba la kwinini, barabara inayopita juu ya mgongo wa kilima ikiwa imenyooka kama uzi uliovutwa. Mtu akitoka Msalabani kurudi nyumbani, kwenye jiwe lile ndipo kengele ilipomwacha.

Prof Anselme alipenda mambo ya namna hiyo. Alikuwa na chombo alichokitengeneza kwa kipande cha ubao, nusu duara, digrii zimechorwa kwa msumari uliochomwa motoni, na katikati ulining'inia uzi wenye mbegu ya parachichi. Kwa chombo hicho alitupeleka nje. Kwanza tulipima kutoka shuleni hadi Msalabani, na tulipata kilomita sita. Kisha tulipima pembe ya pale shuleni, kati ya mstari wa kwenda Msalabani na mstari wa barabara ya kwinini, tukapata digrii thelathini. Mwisho aliwatuma wavulana wawili kanisani kupiga rimu, nasi wengine tukatembea mpaka ikaacha kusikika. Kutoka Msalabani hadi mwisho wa kengele alikadiria kilomita tatu na nusu. Tulirudi darasani, viatu vizito kwa matope, na swali likaandikwa ubaoni: shule ni A, Msalaba ni B, mwisho wa kengele ni C, upo juu ya barabara. Tafuta umbali wa kutoka A hadi C.

Ilikuwa kazi ya kanuni ya sinusi, na tulijiona mabingwa. Tulizidisha, tukagawanya, tukafungua jedwali, na jedwali likatupa pembe moja: digrii hamsini na tisa. Neema alimaliza wa kwanza, kama kawaida. Jibu lake lilikuwa kilomita saba. Darasa zima lilipata saba. Prof alitutazama, akauliza jiwe liko umbali gani kutoka shuleni kwa mtu anayetembea. Kila mmoja alikuwa ametembea asubuhi ile na alijua kwamba haikufika hata kilomita nne.

Ndipo alipotuonyesha. Jedwali, alisema, hutoa pembe kali tu. Lakini sinusi ya pembe kali ni sawa na sinusi ya pembe butu inayoikamilisha hadi mia moja na themanini. Alichora duara kuizunguka B, duara la kengele, kisha mstari wa barabara ukalikata duara, ukaingia mahali pamoja na kutokea mahali pengine. Pembetatu ya kwanza ilikuwa na pembe butu, na ndani yake jiwe lilikuwa kilomita tatu na kitu. Ya pili ilikuwa na pembe kali, kilomita saba. Zote mbili zilitimiza kila kitu tulichopewa. Kwa Kifaransa aliita *cas douteux*, hali yenye shaka. Mvulana mmoja nyuma alisema, “Prof, hii triangle iko na pacha,” na tulicheka. Neema hakucheka. Alikuwa tayari ameshika kifutio cha ubao, maana alichukia kukosea, akauliza kama saba aifute.

“Hapana kufuta,” Prof alimwambia. “Usifute jibu mbele ya kwenda kuiona na macho.”

Aliongeza kwamba huko kwenye kilomita saba kuna watu pia, na wao wana mwisho wao wa kengele, ila sisi wa Kalembe tunadhani kengele inaishia upande wetu tu. Hilo lilibaki ubaoni hadi Ijumaa, kisha mwalimu wa jiografia akalifuta.

Siku yenyewe ilianza kwa ukungu. Wanawake walikuwa wamekwea kwenda mashambani chini ya Msalabani kabla ya jua, kwa sababu maharage yalikuwa yameiva na mvua ilikuwa inakuja. Tulikuwa tumeingia darasani tulipoisikia kengele kwa mbali, haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango. Shuleni kwetu ilisikika tu siku ambazo upepo uliileta, na kwa sehemu kubwa tulikuwa nje ya duara lake. Siku ile upepo uliileta. Prof aliacha kuandika na chaki ikabaki ubaoni. Kengele ilipigwa, ikapigwa, kisha ikakatika katikati, na baada yake zikaja risasi. Tulilala chini ya madawati. 

Alasiri katekista alifika Kalembe kupitia mtoni, nguo zimelowa hadi kifuani. Aliketi sebuleni kwetu, kwenye kiti cha baba, na watu wakajaa mpaka dirishani. Alisema alipiga mpaka alipowaona wenye bunduki chini ya mti wenyewe, ndipo akakimbia. Rimu waliikata, wakaitupa bondeni. Wanawake aliwaona wakiteremka kwenda barabarani ndani ya ukungu, wengi, wakiwa wametawanyika. Baba alimuuliza walipofika barabarani waligeukia wapi. Katekista alisema hakuona, ukungu ulikuwa kama pamba. Kisha alisema kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiria.

“Sasa banangojea kengele,” alisema. “Na kengele haiko.”

Usiku ule nyumba ilijaa watu ambao hawakulala, na sitauelezea. Asubuhi, moshi. Mwembamba, mweupe, juu ya mgongo wa kilima, kwenye mstari wa barabara ya kwinini. Watu walilia kwa furaha, kwa maana moshi ulisema wako hai, na papo hapo wakaanza kunong'ona kwamba moshi unaonekana na kila mwenye macho. Baba alikuwa tayari amevaa buti. Ndipo Prof Anselme alipofika na kile chombo chake cha ubao, akasimama kwenye alama yetu nyuma ya darasa, akapima. Digrii thelathini. Alimwendea baba na kumwambia kwa heshima kwamba moshi uko kwenye mstari, hilo ni kweli, lakini mstari hausemi ni mbali kiasi gani. Kilima kinaficha chini. Wanaweza kuwa kwenye jiwe. Wanaweza pia kuwa mwisho wa pili, kilomita saba, ng'ambo ya bariyeri, kizuizi cha barabarani cha watu wenye bunduki. Wanaweza kuwa sehemu zote mbili, na sisi tuone moshi mmoja, kwa sababu mmoja uko nyuma ya mwingine.

Baba alimpenda Prof. Lakini alikuwa mtu aliyekuwa na hofu, na hofu yake ilitoka kama dhihaka.

“Prof,” alisema, akimtaja mama kwa jina langu, “Mama Sifa haiko iksi ya kutafuta ku tablo ya darasa. Mwisho wa kengele iko ku jiwe. Hata mbuzi inajua.”

Watu walicheka, kicheko kifupi. Prof naye alitabasamu, akasema basi Papa, ndivyo alivyomwita baba, aanzie kwenye jiwe. Baba alikwenda na wanaume wawili kwa njia ya mianzi. Mimi na Neema tulibaki tumeketi kwenye ngazi ya darasa, tukitazama moshi ukipungua kadiri upepo ulivyoamka, mpaka hatukujua tena kama tunauona au tunaukumbuka. Neema aliniuliza kama nafikiri mama yake na mama yangu wako pamoja. Nilimwambia wako pamoja, wao huwa pamoja kila mara. Tulikuwa na hofu moja wakati ule, na ilikuwa rahisi kuibeba kwa sababu tuliibeba wawili.

Walirudi kabla ya jua kuzama. Baba mbele, kisha mama, kisha wanawake watano. Nilikimbia. Nilipokuwa nimemkumbatia mama na uso wangu uko kwenye kitenge chake kilichonuka moshi, nilisikia nyuma yangu Neema akiwapitia wale wanawake mmoja mmoja, akiwaamkia kila mmoja vizuri, shikamoo Mama, shikamoo Mama, mpaka wakaisha.

Jikoni mama alieleza. Walipofika barabarani ndani ya ukungu alisikia miguu kulia na kushoto. Yeye aligeukia upande wa nyumbani. Aliita jina la Mama Neema mara moja tu, kwa sauti ndogo, kwa sababu kuita kulikuwa hatari, na hakujibiwa. Alidhani mwenzake yuko mbele. Walifika kwenye jiwe, wakajificha, wakangoja mapigo matatu. Asubuhi walichoma majani. Kuhusu baba alisema, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza, kwamba alipowafikia hakumsalimu hata yeye. Alianza na moto, akakanyaga makaa yale yaliyobaki chini ya majivu mpaka hapakuwa na kitu. Ndipo akamshika mkono. Prof Anselme alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Neema alikuwa nyuma yake, amebeba beseni. Hakuna aliyesema juu ya kilomita saba. Naamini kila mtu mle jikoni alikuwa anazihesabu.

Na asubuhi iliyofuata, kama nilivyosema, moshi ulikuwa bado unapanda.

Baba alipogeuka kutoka kuutazama, uso wake ulikuwa umebadilika. Prof hakuwa na haja ya kupima tena, lakini alipima, na nadhani alipima ili mikono yake ipate kazi. Wanaume walizungumza kwenye uwanja wa shule. Hakuna mtu wa Kalembe aliyeweza kuvuka bariyeri ile, sura zetu zilijulikana na majina yetu yalitosha kutuponza. Baba alisema atakwenda hivyo hivyo. Mama alimshika koti, akalishikilia. Prof alikunja uzi wa chombo chake, akaniwekea chombo mkononi.

“Mimi niko mutu wa Pinga,” alimwambia baba. “Kule bananijua. Nitasema naenda kwetu, na itakuwa kweli, haitakuwa bongo.”

Baba alimwambia amsamehe kwa maneno ya jana. Prof alisema hata yeye angesema mbuzi inajua, kama angekuwa na mke kule. Kisha alimgeukia Neema, ambaye alikuwa amesimama wima kabisa kama tulivyosimama kuimba asubuhi shuleni.

“Nikifika nitaanza na moto, sawa vile Papa alifanya,” alimwambia. “Mukiona moshi imekufa, mujuwe nimefika.”

Alikwenda kwa koti lake la kahawia, akikung'uta vumbi la chaki mifukoni ili asionekane mwalimu. Tulimwona kwenye kona ya mianzi, kisha hatukumwona. Tuliketi tena kwenye ngazi. Mama alituletea mihogo ya kuchemsha na hatukuila. Asubuhi ile upepo haukuamka. Wingu lilikuwa limeshuka chini, jua halikuonekana, na moshi ulisimama juu ya kilima bila kuyumba. Nakumbuka kwamba Neema alianza kuchora chini kwa kijiti, duara na mstari, akafuta kwa kiganja, akachora tena. Mara moja aliniuliza mtu huchukua muda gani bariyerini kama wanamjua. Nilisema muda mfupi. Akauliza, na kama hawamjui vizuri? 

Kisha moshi ulikatika. Haukupungua. Ulikatika chini, na sehemu ya juu ikabaki hewani peke yake kidogo, ikapotea. Neema aliruka. Tulipiga kelele, tukakimbia kwa mama, tukamwambia Prof amefika, amezima moto, wamepatikana. Mama alifunika uso kwa mikono. Baba alikaa chini papo hapo, uwanjani, juu ya majani yenye umande. Jikoni wanawake walianza kuosha sufuria kubwa, kwa sababu watu wanaorudi kutoka huko hurudi na njaa.

Tulipika maharage ya watu wengi. Yalipoa. Yalipashwa moto, yakapoa tena. Asubuhi hapakuwa na moshi, na asubuhi iliyofuata pia hapakuwa na moshi, na tulijiambia kwamba ni sawa, watu waliopatikana hawachomi majani. Siku ya tatu risasi zilianza upande wa soko, na Kalembe yote ilihama. Neema alihama nasi. Nilibeba chombo cha Prof mpaka Masisi, na huko, katika mvua, tulikitumia kuwashia moto kwa sababu hatukuwa na kitu kingine kikavu. Aliyesema tukitumie alikuwa Neema.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Yafuatayo niliyasikia Shasha mwezi uliopita, kwenye mkeka, maganda ya maharage yakiwa yamejaa kwenye magoti yetu. Neema alisema miaka yote hii amekuwa akihesabu tena. Kilomita saba, kwa njia ya mianzi labda nane, pamoja na bariyeri. Anaamini kwamba moshi ulikatika mapema mno. Mtu kwa miguu, alisema, hakuweza kuwa amefika. Kwa hiyo aliyezima moto ule alikuwa mtu mwingine, aliyetoka karibu zaidi, bariyerini. Alilisema hilo kama anavyolisema darasani, nadhani, bila kupandisha sauti, na vidole vyake havikuacha kumenya.

Mimi nakumbuka tulikaa sana kwenye ngazi ile. Nakumbuka mihogo ilikuwa baridi na migumu tulipoiacha. Nakumbuka kivuli hakikuwapo, lakini njaa ilikuwapo, njaa ya baada ya adhuhuri. Kwa hesabu yangu Prof alikuwa na muda wa kufika, na hata wa kukaa. Na kama alifika, basi aliwakuta, akauzima moto kwa mguu, akawapeleka mbele badala ya nyuma, upande wa kwao, kwa sababu nyuma kulikuwa kumefungwa. Watu wengi walipotelea Pinga na huko ndani zaidi wakiwa hai. Wengine walionekana baada ya miaka kumi, na majina mengine na watoto wengine.

Tulimgeukia mama. Yeye ndiye aliyebaki wa kuuliza. Alitikisa sinia ili maharage yajisawazishe.

“Miye sikuangalia moshi,” alisema. “Niliangalia baba yenu, asiende.”

Kisha alimwambia Neema, kwa upole, kwamba siku ile barabarani alipaswa kuita mara ya pili. Neema alimwambia, “Mama, wacha,” akamvutia sinia.

Hatukuwa na saa, hakuna hata mmoja wetu. Rimu iko bondeni chini ya Msalabani, au iliuzwa kama chuma. Barabara ya kwinini bado ipo, imenyooka vile vile, na juu yake bado kuna bariyeri, ya watu wengine sasa, na kabla yao ilikuwa ya watu wengine tena. Neema ameniambia kwamba mara mbili ameomba kupita na mara mbili amerudishwa. Jiwe nimelifikia mimi mwenyewe, wakati mmoja kulipotulia, na majivu ya moto wa mama hayapo tena, pameota majani. Kutoka pale barabara inaendelea. Sijui mtu yeyote wa Kalembe aliyefika mwisho wa pili akarudi.